Kupasha Injini Kabla ya Kuitumikisha
Maneno ya hotuba kwa madereva, mautingo na wenye magari wa Kibarani, Mombasa



Kila mtu atokaye kisiwani Mombasa kwenda bara kwa njia ya Makupa hana budi kupita Kibarani. Zamani njia hiyo ilikuwa tuta la mawe na udongo lililoziba mkondo wa bahari. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa, na maji yakapata tena kupita chini ya magari. Pale ambapo kwa miaka mingi zilitupwa takataka za mji, hali imebadilika sana. Lakini kitu kimoja hakikubadilika, nacho ni mlima. Ukiondoka pwani ya Kibarani kuelekea Changamwe, barabara inaanza kupanda mara moja, na haimwulizi dereva kama injini yake iko tayari au haiko tayari.

Kwa sababu hiyo mtu aliyelaza gari lake Kibarani yuko katika shida ambayo dereva wa Kisauni au wa Likoni haijui. Mwenzake hupata mwendo wa tambarare wa kutosha kabla ya kukutana na kazi nzito. Yeye huwasha injini saa kumi na moja alfajiri, abiria au mzigo uko tayari, na baada ya dakika mbili au tatu yuko mlimani, mguu umekanyaga mafuta mpaka chini, na injini ingali na baridi ya usiku. Hufanya hivyo leo, na kesho, na mwaka mzima. Halafu siku moja gari linaanza kutoa moshi wa rangi ya samawati, linakula oili, nguvu zinapungua. Na mwenye gari anasema amerogwa, au fundi amemwibia vifaa.

Haifai kulicheka jambo hili. Injini ya matatu au ya lori ndiyo shamba la watu wengi. Ikifa, mwenye gari hukopa mara ya pili kabla hajamaliza deni la kwanza. Dereva hukaa barazani akingoja. Utingo hutafuta kazi nyingine ya kutwa. Na watoto wa nyumba tatu hukosa karo kwa ajili ya kipande cha chuma kilichokwaruzwa. Tena lori likikwama pale penye mlima, magari ya njia nzima husimama nyuma yake, na mizigo ya bandarini huchelewa.

Watu wengi wa pwani hushangaa wakiambiwa kwamba injini huwa baridi Mombasa. Husema, "Baridi iko Limuru na Kericho, huku kwetu hata kivulini mtu anatoka jasho." Ni kweli kwamba alfajiri ya Mombasa mara nyingi ina joto la digrii 24 au 25 za sentigredi, na kwa mwili wa mwanadamu hiyo si baridi. Lakini injini haikupimwa kwa mwili wa mwanadamu. Maji yake yanatakiwa kufika kiasi cha digrii 90, na oili yake vivyo hivyo au zaidi, ndipo vyuma vyote vikae katika nafasi zilizokusudiwa na aliyevichonga. Basi injini ya digrii 25 bado ina safari ya digrii 65 mbele yake. Injini ya Limuru yenye digrii 10 ina safari ya digrii 80. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama watu wadhanivyo, na wote wawili wameanza wakiwa baridi.

Inafaa kueleza kinachotukia ndani, kwa kuwa dereva akijua sababu hahitaji kusimamiwa.

Chuma kikipata moto hutanuka. Kila fundi wa reli analijua hilo. Lakini vyuma havitanuki kwa kiasi kimoja. Pistoni za magari mengi hufanywa kwa aluminiamu, na silinda nyingi, hasa za malori, hufanywa kwa chuma cha kusubu. Na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tena pistoni ndiyo ipigwayo na moto usoni, ilhali silinda imezungukwa na maji. Pistoni yenye upana wa milimita 100, ikiongezeka joto kwa digrii 150, hutanuka kiasi cha thuluthi moja ya milimita. Silinda yake, ikiongezeka joto kwa digrii 70, hutanuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwenye kutengeneza injini ameyapiga mahesabu hayo yote. Ameifanya pistoni iwe ndogo kidogo inapokuwa baridi, ili ikitanuka ienee barabara bila kubana.

Lakini mahesabu yake yamekusudia kwamba joto litapanda polepole, na kila kipande kifuatane na mwenziwe. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu injini ikiwa baridi, moto mkali huipiga pistoni na kuifanya itanuke upesi, hali silinda ingali imenywea. Hapo pistoni huanza kusugua ukuta. Mara ya kwanza huacha mkwaruzo usioonekana ila kwa taa ya fundi. Mikwaruzo ikizidi, ringi hazizibi tena, moto hupenya chini na oili hupanda juu. Na kama bahati ni mbaya sana, pistoni hung'ang'ania palepale, na injini ikanoki.

Jambo la pili ni oili. Wanawake wa pwani wanalijua somo hili kuliko mafundi wengi. Wakati wa kusi, hasa mwezi wa Julai, mafuta ya nazi yaliyolala ndani ya chupa huweza kukutwa asubuhi yameingia ukungu au yameganda kabisa, na mwenye kuyataka huyatia juani au huiweka chupa ndani ya maji ya moto. Mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni joto. Oili ya injini haigandi Mombasa, lakini nayo huwa nzito ikipoa. Oili ya kawaida ya magari ya dizeli, ile iliyoandikwa 15W-40, kwa joto la digrii 40 huwa nzito kiasi cha mara saba kuliko inapofika digrii 100. Kwa digrii 25 huwa nzito zaidi. Usiku kucha oili hiyo imetiririka ikakaa chini katika sinia yake, na vyuma vya juu vimebakiwa na unyevu mwembamba tu. Injini ikiwashwa, pampu huivuta na kuisukuma kupitia matundu membamba mpaka ifike kwenye beringi za krenki, na kwenye valvu juu kabisa. Sekunde chache hupita. Katika sekunde hizo chuma hutegemea ule unyevu wa jana.

Kwa hiyo yule kijana awashaye gari na papo hapo kulivumisha mara tatu nne ili majirani wasikie, anafanya jambo baya kuliko yote yaliyotajwa hapa. Kelele ile haipashi injini. Yasugua vyuma vikavu. Iachwe kabisa.

Hapa pana neno dogo kwa mafundi wenyewe. Magari madogo mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani yametengenezwa kwa oili nyepesi, na matundu yake ya oili ni membamba. Fundi akiona gari limefika nchi ya joto hutia oili nzito ya 20W-50 akisema italilinda. Kwa injini ya zamani iliyochakaa huenda ikasaidia. Kwa injini mpya ya namna hiyo, oili nzito asubuhi huchelewa kufika juu, na ulinzi ukawa madhara. Kitabu cha gari kinasema ni oili ipi. Kama kitabu kimeandikwa Kijapani, namba za oili husomeka vilevile.

Jambo la tatu ni petroli. Petroli haiungui ikiwa maji. Sharti igeuke mvuke kwanza. Katika injini baridi sehemu yake hukataa kugeuka, ikashikamana na kuta za silinda. Zamani dereva alivuta choki ili petroli izidi na injini iweze kuwaka, na wengi walisahau kuirudisha. Siku hizi kompyuta ya gari huongeza petroli yenyewe, bila kuulizwa, lakini hali ya ndani ni ile ile: petroli isiyoungua huosha oili ukutani kama maji ya sabuni yanavyoosha samli sahanini, kisha hushuka chini na kuichanganya oili iliyobaki.

Na kuna maji pia. Watu hawaamini wakiambiwa kwamba lita moja ya petroli ikiungua hufanya maji kiasi cha lita moja. Injini ikiwa na moto, maji hayo hutoka nyuma kama mvuke na hayaonekani. Injini ikiwa baridi, sehemu yake huteremka kwenye oili. Gari linalofanya safari fupi fupi tu, kutoka Kibarani mpaka Mwembe Tayari na kuzimwa, kisha kuwashwa tena baada ya saa tatu, halipati hata siku moja joto la kuyakausha. Dereva akifungua kifuniko cha oili hukuta povu lenye rangi ya chai ya maziwa. Mara nyingi hushtuka na kukimbilia kwa fundi, akiambiwa gasketi imekufa. Huenda ni kweli, na haifai kupuuza. Lakini kabla ya kuifungua injini yafaa apime maji ya rejeta kama yanapungua. Kama hayapungui, gari hilo lipelekwe safari ndefu ya saa moja, oili ibadilishwe, ndipo litazamwe tena.

Basi, kama baridi ina madhara yote hayo, je, gari liwashwe na kuachwa linanguruma nusu saa kabla ya kuondoka? Hapa ndipo walipopotea wale wenye bidii. Kuna dereva mwenye kuliwasha lori lake kabla ya sala ya alfajiri, akaenda msikitini, akarudi, akanywa kahawa, ndipo akapanda. Anadhani amelitunza. Lakini injini isiyofanya kazi hupata joto kwa uvivu sana, hasa ya dizeli, ambayo ikiunguruma bila mzigo huchoma mafuta kidogo kiasi kwamba huweza kukaa vuguvugu tu. Wakati wote huo iko katika hali ile ile mbaya iliyoelezwa: mafuta hayaungui sawasawa, masizi yanajikusanya, oili inachafuka. Amelipa dizeli ya nusu saa ili alirefushe jambo alilotaka kulifupisha. Na yule awashaye gari ndani ya banda lililofungwa anahatarisha roho yake, maana moshi wa petroli una sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua mtu akiwa amelala.

Njia njema ni ya katikati. Injini iwashwe, iachwe nusu dakika au dakika moja mpaka oili ifike kila mahali. Lori lenye breki za hewa halina haraka hata kidogo, kwa sababu lazima lingoje hewa ijae kabla ya kuondoka, na muda huo watosha. Kisha gari liondoke, kwa upole. Kazi nyepesi ndiyo ipashayo injini kuliko kusimama. Mguu usishuke zaidi ya nusu, injini isipigishwe kelele, na isilazimishwe kuvuta kwa gea kubwa. Hilo la mwisho husahauliwa. Dereva aliyeambiwa aende polepole hutia gea ya juu, akaiacha injini ikilia kwa uchungu na kutetemeka, akidhani huo ndio upole. Sivyo. Oili ikiwa nzito na mwendo wa krenki ukiwa mdogo, mzigo wote unaangukia beringi. Gea ndogo, mwendo wa wastani, mguu mwepesi.

Dereva atazame mshale wa joto, lakini ajue kwamba mshale huo unasema habari za maji tu. Oili huchelewa nyuma ya maji. Mshale ukifika mahali pake pa kila siku, oili huenda bado ina dakika tano au kumi za kwenda. Magari mengine mapya hayana mshale, yana taa ndogo ya samawati tu. Taa ikizimika maana yake baridi kali imekwisha, si kwamba ruhusa ya kukimbia imetolewa.

Wazee waliofanya kazi relini wangeyasikia haya yote na kutabasamu. Mwaka 1955 Reli za Afrika ya Mashariki zilianza kutumia injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa karibu tani 252, na zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Zilipita Makupa zikivuta mizigo ya kiasi cha tani 1,200 kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu. Hakuna dereva aliyeweza kuwasha moto na kuondoka. Moto wa mafuta ulitiwa saa nyingi kabla ya safari, na ukatiwa kidogo kidogo, kwa sababu bila ya kwenda pole mabomba ya chombo cha mvuke hutanuka kabla ya ukuta wake na kuanza kuvuja. Hata mvuke ulipokuwa tayari, dereva alifungua kwanza vijibomba vya chini ya silinda, akaondoka taratibu huku mvuke ukifuka pande mbili, ili maji yaliyoganda kutokana na baridi ya chuma yatoke. Kama yangebakia, pistoni ingeyagonga na kuvunja kichwa cha silinda. Atakaye kuziona injini hizo aende Makumbusho ya Reli, Nairobi, ambako zimehifadhiwa Mount Gelai na Mount Shengena. Ziliacha kazi kufikia mwaka 1980. Mtu mwenye gari la tani moja na nusu anayeona dakika moja ni nyingi, akasimame kando ya magurudumu yale.

Sasa lifuatalo ni jambo linalowasumbua watu wa pwani kuliko mahali pengine, nalo ni themostati. Yafaa lielezwe kwa mazungumzo ya dereva kijana na fundi mzee, kama yanavyoweza kusikika katika gereji yoyote ya Mombasa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Gari, fundi. Asubuhi halina nguvu, petroli linakunywa kama ng'ombe, na mshale wa joto haupandi. Lakini mchana nikipanda Changamwe na abiria, linachemsha."

"Themostati iko?"

"Haiko. Fundi aliyenifanyia kazi mwaka jana aliitoa. Akasema ni kitu cha Ulaya, cha nchi za theluji. Huku Mombasa kazi yake kuchemsha gari tu."

"Na baada ya kuitoa, liliacha kuchemsha?"

"Liliacha wiki mbili."

"Kisha likarudia. Sikiliza, mwanangu. Nyumba yako ina mlango?"

"Ina mlango, fundi."

"Kwa sababu Mombasa kuna joto, uung'oe mlango?"

"La. Nitaufungua nikitaka upepo, nitaufunga nikitaka."

"Basi themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani tu, yanapata moto upesi. Yakifika digrii 80 na kitu, mlango unafunguka wenyewe, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Wewe umeung'oa. Tangu unapowasha, maji yote yanakimbilia rejeta na kurudi baridi. Injini yako haipati moto mpaka inafika Mwembe Tayari, ndiyo maana inakunywa petroli."

"Na kule kuchemsha?"

"Rejeta yako hii hapa, itazame. Mapezi yake yameliwa na hewa ya chumvi, na ndani imejaa kutu kwa sababu mnatia maji ya bomba la chumvi. Kifuniko chake hakizibi. Feni imelegea mkanda. Hayo ndiyo yanayochemsha. Na katika injini nyingine ukitoa themostati, maji hupata njia ya mkato, yakazunguka bila kupita rejeta vizuri, na mlimani likachemsha kuliko mwanzo. Ulimfukuza askari wa mlangoni, mwizi yumo ndani."

Kijana yule angefanya vema kununua themostati mpya, kuisafisha rejeta na kutia maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu. Si gharama kubwa ikilinganishwa na kichwa cha silinda kilichopinda. Maana lazima isemwe wazi: gari lisilo na themostati haliwezi kupashwa sawasawa hata dereva awe mstaarabu namna gani. Mtu aweza kuyafuata maneno yote ya hotuba hii na asipate faida yake, kwa sababu kifaa kidogo kimetupwa.

Malori yanayopanda kutoka bandarini yana jambo jingine. Mengi yana tabo, ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa. Feni hiyo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ikielea juu ya oili nyembamba tu. Dereva akiwasha na kukanyaga mara moja, feni huzunguka kabla oili haijafika. Na upande wa pili wa safari kuna kosa lililo sawa na hilo. Lori lililovuta kontena kupanda Mazeras, likafika mahali pa chai na kuzimwa papo hapo, huacha tabo ingali nyekundu kwa moto na oili imekatika. Oili iliyobaki ndani yake huungua ikawa makaa. Aliache lingurume dakika mbili au tatu, amshushe utingo aweke vigingi, ndipo azime.

Wa bodaboda na wa tuktuki hawana habari nyingi za kuelezwa. Injini zao nyingi hupozwa kwa hewa, ni ndogo, na hupata moto upesi. Nusu dakika na mwendo wa upole kwa kituo kimoja chatosha. Lakini zina oili kidogo mno, kiasi cha lita moja tu katika pikipiki nyingi, basi wasiache kuipima.

Wenye magari, wale waitwao matajiri, nao wana sehemu yao. Dereva anayedaiwa fedha zile zile kila jioni, awe amepata abiria au hakupata, atakimbia tangu dakika ya kwanza, na hakuna hotuba itakayomzuia. Mwenye gari akitaka injini yake iishi, na aipange kazi ya alfajiri kwa akili. Kwa matatu ya Kibarani jambo ni jepesi: safari ya kwanza ya siku iwe ya kuelekea kisiwani na si ya Changamwe. Njia ya kisiwani ni tambarare, na ikirudi Kibarani na kuelekea mlimani injini imekwisha kupata moto wake, na abiria wamepatikana pande zote mbili. Kwa lori ambalo halina hiari, lililopakiwa usiku na kutakiwa kuondoka kwa mlima, hakuna ila subira: hewa ya breki ijae, liondoke kwa gea ndogo, lipande kwa mwendo wa mtu mzima mwenye mzigo kichwani, na wenye haraka nyuma yake wapige honi watakavyo.

Wapo wasemao kwamba haya ni mambo ya magari ya zamani, na kwamba magari ya siku hizi hayahitaji kupashwa. Wana haki kwa nusu. Kusimama dakika nyingi, kama walivyofanya wenye magari ya kabureta, hakuhitajiwi tena. Lakini aluminiamu hutanuka leo kama ilivyotanuka mwaka 1953, mwaka ambao yalianza mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari, na hakuna kompyuta iwezayo kuifanya oili baridi iwe nyepesi. Joginder Singh, aliyeshinda mashindano hayo mwaka 1965, 1974 na 1976, hakuyashinda kwa magari yaliyoharibika mapema. Kukimbiza gari katika matope na mawe kwa siku nyingi na kulifikisha mwisho kunataka mtu anayejua wakati wa kulikaza na wakati wa kulihurumia.

Limebaki jambo moja, nalo ni taa nyekundu yenye picha ya birika la mafuta. Dereva akigeuza ufunguo, taa hiyo huwaka. Injini ikishika, taa huzimika baada ya sekunde mbili tatu, maana oili imekwisha kusukumwa. Isipozimika, asingoje wala asiongeze mafuta ili izimike. Azime injini palepale, avute kijiti cha oili, akifute, akitumbukize tena na kusoma. Kama oili imepungua, aongeze ya namna ile ile. Kama oili imo na taa ingali ikiwaka, gari hilo lisipande mlima siku hiyo. Lisukumwe kando, na fundi aitwe alikute lilipo.